Shajara ya Kulaza Boti, Makima

Jumatatu, Februari
Maji yamerudi nyuma sana. Bwawa la Masinga likijaa hufunika kilomita za mraba 120 hivi, lakini pale tulipokuwa tukifunga boti wakati wa Krismasi sasa mbuzi wanajilisha. Visiki vimeanza kuchomoza, na kisiki kimoja kinatosha kupasua faiba ya boti. Kikundi chetu cha boti kimekubaliana boti ilazwe hadi mvua ya Machi na Aprili ijaze bwawa tena. Tulipoanza kuivuta, kamba ilikatika, boti ikarudi topeni. Tope hilo ni udongo wa mashamba ya juu, mito ya Tana na Thika huuleta kila msimu. Tulikata magogo, tukayalaza chini ya boti, ikapanda polepole hadi kwenye mgunga. Giza likatukuta hapo.

Jumanne
Kuosha. Nilifungua kizibo cha nyuma ili maji yaliyobaki yatoke. Yakatoka na magamba ya tilapia, konokono na kipande cha nyavu. Nilipogeuka kuchukua brashi, kizibo hakikuwepo. Mtoto wa jirani alikuwa ameshakitia kwenye kigari chake cha waya, gurudumu la mbele. Tulielewana: nimemkatia gurudumu lingine kwenye ndara kuukuu. Kizibo nimekifunga kwa waya kwenye mkono wa kuendeshea injini, ili atakayeishusha boti Aprili akishike kabla hajashika kitu kingine. Boti iliyoshushwa bila kizibo hujaa maji watu wakiwa bado wanapanga nyavu.

Jumatano
Punda alichelewa na maji. Tuliazima pipa kwa jirani, tukaining'iniza injini ndani yake, tukaiwasha ili mchanga utoke kwenye njia za kupoza. Kisha nikachomoa mpira wa petroli na kuiacha ingurume mpaka izime yenyewe. Petroli ikikaa miezi ndani ya kabureta, ile nyepesi huruka, hubaki gundi inayoziba vitundu vya ndani. Hapo mtu atavuta kamba ya kuwashia hadi bega limuume, na injini haitawaka. Tulitoa plagi, tukatia oili kidogo kwenye silinda, tukavuta kamba taratibu ili ienee.

Maji ya pipa yalibaki na oili juu. Ng'ombe wa Guka, mzee mwenye stoo, wakayaona kabla hatujayamwaga, nikasimama hapo na fimbo hadi kijana alipochimba shimo mbali na bwawa.

Alhamisi
Fundi alifika kutoka Kiritiri kwa boda. Kazi yake ilikuwa moja, kubadilisha oili ya giaboksi. Skrubu ya chini ilikataa. Aliisugua, akaimwagia petroli kidogo, akasubiri, kisha akagonga bisibisi kwa nyundo mara moja. Ikalegea. Badala ya oili nyeusi ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Hakuna aliyesema neno. Fundi aliipokea kiganjani, akaisugua kwa kidole gumba, akaniambia, "Mzee, hapa maji yameingia."

Alichomoa pini, akafungua nati, akavuta propela. Nyuma yake nyuzi za nyavu zilikuwa zimejizungusha kwenye shafti, zimebana mpaka zimeila sili inayozuia maji. Ukitazama propela kutoka nje huoni kitu. Msimu mzima tumevusha watu, magunia na wagonjwa kwa injini hiyo.

Katika nchi za baridi, kama za Ulaya na Amerika Kaskazini, maji ya namna hiyo huganda na kupasua giaboksi. Kwetu hakuna barafu. Huku hukaa kimya na kutia kutu meno ya gia na beringi, na mvua ikirudi injini inaweza kukufia katikati ya bwawa, upepo unavuma, viboko wako upande mmoja na mamba upande wa pili.

Ijumaa
Embu mjini kutafuta sili. Duka la kwanza halina. Katika la pili nilipewa ya pikipiki, pana kuliko shafti. Nimeagiza Nairobi, itakuja na matatu.

Jumapili
Kumeibuka suala la stoo ya kuwekea injini. Ni ya Guka, na ndengu za mavuno haya zimefika hadi dirishani. Alitaka injini ilazwe chini kwenye kona. Nikamwomba, "Guka, hii lazima isimame, maji yaliyobaki yashuke yote." Akanijibu kwamba ndengu zikinuka petroli hakuna atakayezinunua, na hilo ni kweli. Basi tangi na jerikeni vimepelekwa banda lingine, na injini imesimama kwenye stendi ya mbao nyuma ya mlango. Matundu nimeyaziba kwa matambara, maana panya waliofuata ndengu watatafuna na nyaya.

Jumatano
Sili imefika. Fundi ameiweka, amepaka girisi kwenye shafti, akatia oili mpya kwa tundu la chini hadi ikatokea tundu la juu. Ukitia kwa juu, hewa hubaki ndani na giaboksi haijai. Boti imefunikwa turubai, pembe zimefungwa kwa mawe, na upande mmoja umeachwa wazi hewa ipite.

Nawaomba wenzangu wenye injini Makima, Riakanau na Kiambere: msingoje Aprili. Wiki hii chomoeni propela, kateni nyuzi zilizo nyuma yake, na fungueni skrubu ya chini. Oili ikitoka nyeupe, mwiteni fundi sasa, boti ikiwa nchi kavu.