Namna ya Kulala Kando ya Ziwa Naivasha, Katika Nyumba Yenye Picha Ukutani

Acha nguo ya kuogelea nyumbani, beba sweta. Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, usiku baridi hukata, na maji yake yana viboko.

Panda matatu ya barabara ya Moi South Lake, umwambie makanga akushushe Elsamere, jirani na ufuo wa Kamere. Hapo ndipo Joy Adamson na mumewe George walipojipatia nyumba miaka ya 1960, baada ya kitabu cha simba Elsa, Born Free, kutoka mwaka 1960 na kuenea duniani. Leo wageni hulala humo, na pana makumbusho madogo.

Ukiingia makumbusho, usikimbilie simba. Simba keshapigwa picha vya kutosha. Simama mbele ya michoro ya watu. Joy alianza kwa kuchora maua na mimea. Baadaye serikali ya kikoloni ikamwagiza achore watu wa jamii za Kenya katika mavazi yao ya jadi, naye akachora zaidi ya picha 500. Nyingi zimehifadhiwa Nairobi. Jicho lililozoea kuhesabu petali ndilo lililochora kila ushanga na kila pete ya sikio, na kwa hilo namvulia kofia. Ila usiridhike na ushanga. Tazama uso. Huyo ni babu wa mtu, huenda ni babu yako. Toa simu, mpigie shosho, mweleze pambo unaloliona na lilivyofungwa. Atakuambia lilivaliwa na nani, katika sherehe gani, na kwa nini mwanamke asiyeolewa hakuligusa. Yaandike kwenye kitabu cha wageni kwa mwandiko unaosomeka, maana ujuzi huo hauko ukutani.

Chai ya alasiri inywe nje, chini ya miti. Mbega wataruka juu yako na manyoya yao meupe. Usiwape keki; mnyama aliyezoea sahani za wageni huishia kuitwa msumbufu na kufukuzwa. Usiku usiende bustanini bila askari, kwa sababu viboko hutoka majini kula nyasi, nao hawajui umelipia chumba.

Sasa toka nje ya lango. Hili nalisisitiza kuliko yote. Sehemu kubwa ya ukingo wa ziwa imezungushiwa ua wa mashamba ya maua na wa hoteli, na ufuo wa Kamere ni mmoja wa milango michache ambamo mwananchi huyafikia maji bila kuulizwa ametoka wapi. Wanaoishi Kamere wengi ni vibarua wa maua. Waridi lililowekwa kwenye meza yako ya kulia huenda lilikatwa na mama anayepanga chumba kimoja hapo. Nenda Jumapili, siku ambayo wengi hupumzika na watoto wao.

Salimia kabla ya kupiga picha. Chagua tilapia wako mwenyewe, useme unamtaka kavu au wa mchuzi, uagize ugali na kachumbari, kisha ule kwa mkono. Usimbishie mama bei ya samaki baada ya kulala kwenye kitanda cha maelfu. Ukitaka mashua, patana bei mkiwa nchi kavu, vaa jaketi la kuokoa maisha, na umwombe nahodha akae mbali na viboko hata kama wenzako wanataka picha ya karibu. Utawaona wavuvi wasio na mashua wamesimama majini hadi kifuani wakivuta nyavu. Baadhi yao wameuawa na viboko katika kazi hiyo. Kwa hiyo samaki anayepatikana hivyo, mwenye kumuuza akikutajia bei, lipa yote.