Sosi Si Mpishi: Barua kutoka Kansas City

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Kansas City, mji ulioko karibu na kitovu cha Marekani, ambako kiangazi kikiingia moshi wa nyama hupanda nyuma ya nyumba kila Jumamosi na hakuna anayeita zimamoto. Msimu wenyewe una tarehe zake. Hufunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, hufika kilele tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wao, na hufungwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku ya wafanyakazi. Katika miezi hiyo, mwanamume ambaye mwaka mzima hajui sufuria zinakaa kabati lipi hujifunga aproni, huteka jiko la uani, na kutangaza kwamba ana siri. Siri aliachiwa na babu yake. Haiandikwi, haiuzwi, na mkewe hatakiwi kuijua, ingawa ndiye aliyeinunua yote dukani, kopo kwa kopo. Hoja yangu katika barua hii ni kwamba siri hiyo haipo. Nyama yao, pale inapokuwa nzuri, inafanywa nzuri na moto pamoja na saa ya ukutani. Chupa na vikopo ni nguo ya sikukuu.

Kwa kuwa najua mtataka ushahidi, tuanze na hizo siri zenyewe, maana zimekwisha kuchapishwa katika vitabu vya mapishi visivyo na idadi. Viungo vya kupaka mbavu za nguruwe kabla hazijaingia motoni ni hivi: nusu kikombe cha sukari ya kahawia, robo kikombe cha paprika, vijiko vitatu vya chumvi, viwili vya pilipili manga, kimoja kimoja cha kitunguu saumu cha unga na kitunguu maji cha unga, na pilipili kali kwa kadiri ya ujasiri wa mwenye nyumba. Sosi ya mji huu ni kechapu, siki, sukari, molasi, haradali kidogo na viungo vilevile vya juu, vikichemshwa taratibu kwa nusu saa hadi vishike mgongo wa kijiko. Ndiyo siri ya babu. Jirani wa kulia anapunguza sukari na kuongeza bizari ya pilau, jirani wa kushoto anatia kahawa ya unga, na kila mmoja anamwona mwenzake mhaini.

Sasa tokeni nje ya mji huu muone mambo yanavyoharibika. Mashariki ya North Carolina huchoma nguruwe mzima na sosi yao ni siki, chumvi na pilipili za kuponda, nyepesi kama maji, haina nyanya hata ya kusingizia. Ukisogea magharibi ya jimbo hilohilo, upande wa Lexington, wanachoma bega peke yake na kutia kechapu kidogo kwenye siki, na kwa kechapu hiyo kidogo watu wazima wamegombana kwa vizazi. South Carolina ina sosi ya manjano ya haradali. Kaskazini mwa Alabama, katika mji wa Decatur, Big Bob Gibson alianza miaka ya 1920 kuchovya kuku wa moshi katika sosi nyeupe ya mayonezi, siki na pilipili manga, na huko mpaka leo kuku bila weupe huo anahesabiwa yuko uchi. Halafu iko Texas ya kati, ambako wachinjaji wenye asili ya Kijerumani na Kicheki walikausha kwa moshi nyama isiyouzika na kuiuza imefungwa kwenye karatasi. Duka la Kreuz Market la Lockhart, lililoanza mwaka 1900, kwa miongo mingi halikutoa sosi wala uma: nyama, chumvi, pilipili manga, na mikono yako mwenyewe. Haradali, mayonezi, siki tupu, sukari tupu, na hakuna kabisa; wote hao wanasifiwa, na wote wanapanga watu foleni. Kama sosi ndiyo ingekuwa mpishi, angalau wanne kati ya hao watano wangekuwa wanakula uchafu. Wanachoshirikiana ni kuni ngumu, joto la chini, na mtu asiye na haraka.

Historia ya mji huu inatoa ushahidi mzito zaidi. Anayeitwa baba wa nyama ya Kansas City ni Henry Perry, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa karibu na Memphis, akafika hapa mwaka 1907 na kuanza kuuza nyama ya moshi katika uchochoro wa katikati ya mji, imefungwa kwenye gazeti. Orodha yake ilikuwa na ng'ombe, na pia wanyama wa porini kama oposamu na rakuni, ambao leo mtu wa hapa akiwaona uani anawapigia simu wahusika wa wanyama waharibifu. Sosi ya Perry ilikuwa kali, ya pilipili, haikubembeleza mtu. Alipofariki mwaka 1940 biashara ilishikwa na Charlie Bryant, kisha mwaka 1946 na mdogo wake Arthur, na Arthur ndiye aliyeilainisha sosi ili walaji waache kutoa machozi. Leo mji mzima unajulikana kwa sosi nzito na tamu. Kwa maneno mengine, siri ilibadilishwa ikawa karibu kinyume chake, na umaarufu haukutetereka hata kidogo, kwa sababu shimo la moto na kuni vilibaki palepale. Na tukishafika hapo, tuseme ukweli mwingine ambao matangazo ya chupa huusahau: katika majimbo ya Kusini, kwa karne nyingi, waliokesha wakilinda mashimo hayo ya nyama walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani, na baada yao watoto na wajukuu zao. Kama kuna babu wa kudai siri, ni wao, na ujuzi wao ulikuwa wa kusoma moto.

Moto unasomwaje? Chukueni kidari cha ng'ombe. Huo ni msuli uliobeba uzito wa mnyama maisha yake yote, umejaa kolajeni, na ukiuweka juu ya makaa makali utautafuna mpaka siku ya tatu. Uweke kwenye joto la nyuzi 107 hadi 121 za Selsiasi, kwa saa kumi au zaidi, na kolajeni huyeyuka ikawa jelatini, nyama ikakatika kwa uma. Katikati ya safari hutokea jambo linalowatoa watu wazima kamasi. Nyama ikifika nyuzi 65 hadi 75 ndani, joto linagoma kupanda, saa mbili, saa tatu, wakati mwingine zaidi. Sababu ni kwamba maji yanayotoka juu ya nyama yanapokuwa mvuke huipoza kwa kasi ileile ambayo jiko linaipasha, kama jasho linavyompoza mbeba mizigo wa Kariakoo. Mwenye aproni asiyejua hilo huanza kuongeza mkaa, kupaka sosi, kufunua mfuniko kila dakika kumi na kumlaumu aliyeuza nyama. Anayejua huifunga nyama kwenye karatasi, huvuta kiti na kusubiri ifike nyuzi 95. Katika saa zote hizo hakuna sosi iliyosogeza kipimajoto hata nyuzi moja. Tena sosi ya sukari ikipakwa mapema inaleta hasara, kwa kuwa sukari huanza kuungua inapopita nyuzi 160 hivi, na wavu ulio juu ya makaa unazidi hapo kwa mbali. Ndiyo maana kuku wengi wa 4 Julai huwa weusi nje na wabichi mfupani. Sosi hupakwa dakika kumi au kumi na tano za mwisho, basi.

Najua shangazi wa Tanga ataweka barua chini na kusema, mbona mishikaki yetu inalowekwa usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi, na utamu wake haubishaniwi? Sibishi. Lakini angalieni ukubwa wa nyama. Chumvi ndiyo inayosafiri hadi ndani; harufu ya kitunguu saumu na tangawizi huingia milimita chache tu na kukomea hapo. Mshikaki ni kipande kidogo, karibu chote ni uso, kwa hiyo viungo vinaonekana vimeingia moyoni. Papai nalo lina kimeng'enya kinachovunja protini, na kinafanya kazi kweli, ila likizidi saa linageuza uso wa nyama kuwa uji wakati katikati iko ilivyokuwa. Mloweko huohuo kwenye paja zima la ng'ombe ni kuosha nyama kwa gharama. Mishikaki haipingi hoja yangu. Waliotangulia walikata nyama kulingana na moto walionao, na hiyo ni akili ya moto.

Pingamizi la pili ni la wenyeji, nalo linahusu kuku aliyekalishwa juu ya kopo la bia. Picha yake mmeiona: kuku mzima kasimama wima kwenye jiko, kopo liko mahali ambapo heshima ya barua hii hainiruhusu kutaja. Inadaiwa kwamba bia huchemka, mvuke wake ukamlainisha kuku kwa ndani. Pigeni hesabu. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema kuku yuko salama akifika nyuzi 74. Bia, ambayo sehemu kubwa ni maji, huchemka karibu na nyuzi 100. Kopo limezungukwa na nyama inayopaswa kuondolewa motoni ikiwa na 74. Mara nyingi basi kuku anaiva bia ingali na joto la chai iliyosahaulika. Kinachomfanya kuku huyo awe mtamu ni kwamba amesimama, joto linampitia pande zote na ngozi inakauka ikawa ya kuvunjika. Kopo tupu lingetosha, na bia ingeenda kwa aliyeinunua.

Kuhusu gesi na mkaa nitapita haraka. Kwa baga na soseji, zinazokaa motoni dakika chache, harufu tunayoipenda hutokana zaidi na mafuta yanayodondokea kwenye kitu cha moto na kurudi juu yakiwa moshi, na jiko la gesi linaweza hilo bila shida. Kwa nyama ya saa nyingi, kuni na mkaa ni kitu kingine. Anayebishana zaidi ya hapo ana jiko la kuuza. Wenzetu wanaokaa ghorofani hawana hata ubishi, maana mikataba mingi ya nyumba inakataza jiko la mkaa kwenye baraza.

Limebaki pingamizi lenu ninyi, ambalo ndilo lenye uzito: nyama choma haihitaji mafunzo kutoka ng'ambo, mbuzi, chumvi, kachumbari, ugali, pilipili pembeni. Kwa upande wa viungo mmeshinda, na Texas ni shahidi wenu. Kwa upande wa moto, turuhusiane kusemana. Mguu wa mbuzi juu ya makaa makali, wavu wazi, upepo unapuliza, hutoka na magamba nje na mpira ndani, halafu tunasifu uimara wa meno ya ukoo. Kitu ambacho Marekani imechangia kwa kweli katika jambo hili ni mfuniko. Mwaka 1952, George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Weber Brothers huko Chicago kilichotengeneza maboya ya majini, alichukua boya, akalikata, nusu moja ikawa jiko na nyingine kifuniko, akatoboa matundu ya hewa. Kufunika kunageuza jiko kuwa tanuri, na kupunguza hewa kunapunguza kasi ya mkaa kuisha. Kwa bei ya gunia la mkaa, hilo la pili ndilo linalopaswa kuwasikilizisha, na ndilo jibu kwa atakayesema kwamba moto wa taratibu ni anasa ya wenye pesa. Kidari cha saa kumi na mbili sikipendekezi kwa yeyote anayenunua mkaa kwa kopo. Kwa mguu wa mbuzi, saa mbili na nusu zinatosha.

Basi mapishi ni haya. Mguu wa mbuzi mmoja, upakeni chumvi tangu jana yake usiku, kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu kilo, uhifadhiwe kwenye baridi. Washeni mkaa, ukishika jivu jeupe usukumeni wote upande mmoja wa jiko. Nyama ikae upande mwingine, pasipo na mkaa chini yake, na juu yake mfuniko. Sufuria kubwa iliyopinduliwa inafaa, ikiachiwa mwanya mdogo wa hewa. Ongezeni vipande vichache vya mkaa kila unapofifia. Mkipata kipimajoto, nyama ya namna hii ili ilainike inahitaji kufika nyuzi 85 au zaidi ndani. Msipokipata, chomeni kisu karibu na mfupa, kikiingia bila ubishi imekuwa tayari. Hapo ndipo muihamishie juu ya makaa dakika tano iungue kidogo, mwisho muipumzishe robo saa kabla ya kuikata. Ndimu na pilipili viwekwe mezani, kila mtu ajitie. Na yeyote atakayefunua mfuniko kabla saa ya kwanza haijaisha, hata akiwa mjomba mwenyewe, mnyang'anyeni koleo.