Jinsi ya Kufeli Utafiti wa Mifugo Tabora na Bado Ukavaa Joho

Sogea karibu nikunong'oneze jambo ambalo msimamizi wako analijua ila hana muda wa kukueleza: utafiti wako wa uzamili utakwama mahali fulani. Ndama watakufa, mvua itachelewa, na mzee mmoja atauza dume lako la majaribio wiki moja kabla ya kipimo cha mwisho. Najua unataka joho, unataka picha ya mahafali, na unataka wakwe waanze kukuita msomi. Hakuna ubaya, utavipata vyote. Unachotakiwa ni kufeli kwa namna ambayo anayekuja nyuma yako ataokota kitu. Fuata hatua hizi.

1. Kata swali lako mpaka likuume

Pendekezo lako linasema utaongeza tija ya ng'ombe wa asili nchini Tanzania. Futa hiyo. Nchi ni kubwa na posho yako ni ndogo. Andika hivi: ndama wa kijiji kimoja cha Nzega wakipewa mashudu ya pamba kila jioni wakati wa kiangazi, wataongezeka uzito kuliko wenzao waliokwenda malishoni tu? Swali hilo lina mwanzo na mwisho. Kiangazi cha Tabora kinaanza Mei na kuishia karibu na Novemba, na mashudu yanapatikana kwa kuwa Nzega na Igunga zinalima pamba. Ukijibu hilo moja tu, umeshinda wengi.

2. Jifunze kwa Livingstone, hasa pale alipochemsha

Ukifika Tabora, nenda Kwihara ukaione tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, kuanzia Februari mpaka Agosti. Watalii huenda pale kwa ajili ya mvumbuzi. Wewe nenda kwa ajili ya mtafiti wa mifugo aliyeshindwa.

Mwaka 1866 alishuka Mikindani na ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 pamoja na ndama, baghala 2 na punda 4. Alitaka kujua kama wanyama hao wanaweza kuhimili mbung'o. Swali lilikuwa zuri kabisa. Wakati ule mizigo ya misafara ilibebwa mabegani na wapagazi, Wanyamwezi wakiwa mstari wa mbele, na mbung'o ni sababu mojawapo kubwa iliyofanya wanyama wa kubeba wasifike mbali. Kumpata mnyama anayehimili kungebadili biashara yote kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji.

Kisha akawaachia wanyama askari aliokuja nao kutoka Bombay. Wakawapakia kupita kiasi, wakawapiga, wakawatia vidonda. Wanyama wakafa mmoja baada ya mwingine. Je, waliuawa na mbung'o au na fimbo? Hakuna aliyeweza kusema. Mbung'o na fimbo walikuwa wamewaonja wanyama walewale, na hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Sasa tazama alichofanya vizuri. Aliandika kila kitu kwenye shajara yake: kuumwa na mbung'o, vipigo, vidonda na mashaka yake mwenyewe. Kwa hiyo jaribio lile bado linafundisha. Jibu la namna mbung'o anavyoua lilikuja mwaka 1895, pale David Bruce alipoonyesha huko Zululand kwamba mbung'o hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa tunaouita ndorobo. Bruce aliwatenganisha wanyama wake. Nawe watenganishe wako.

3. Gawa ndama kwa kofia

Mwenye ng'ombe ana fahari kama wewe. Ukimwambia achague ndama wa kulishwa mashudu, atakuletea walionona tayari, na matokeo yako yatapendeza kwa uongo. Andika namba za ndama kwenye vipande vya karatasi, vikunje, vitie kwenye kofia ya mzee mwenyewe, na umwombe mtoto wa mwisho avute mbele ya wote. Nusu ya kwanza wale mashudu, nusu ya pili wabaki malishoni. Kisha toa ahadi hapohapo kwamba jaribio likiisha, ndama wa nusu ya pili nao watapata mashudu yao. Bila ahadi hiyo, usiku watalishwa kwa siri, na nani atamlaumu mama anayemhurumia ndama wake?

4. Omba ruhusa mpaka kwa mchungaji

Mwaka 1871 Henry Stanley alipita njia hii ya misafara akielekea Tabora, na farasi wake wawili wakafa mapema, safari ikiwa bado changa. Alimpasua mmoja akakuta minyoo tumboni, uchunguzi mzuri tu kwa mwandishi wa gazeti. Akamzika. Mkubwa wa kijiji akaja kudai faini, kwa kuwa mzoga ulizikwa kwenye ardhi yake bila yeye kuulizwa. Mkubwa yule alikuwa na haki.

Barua yako ya chuo ipitishe mkoani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Ukimaliza hapo ndipo ruhusa yenyewe inaanza. Kaa kwenye kigoda, sema "Shikamoo baba," na uvumilie swali litakalokuja: "Mwanangu, hizo karatasi zako zitanenepesha ndama?" Jibu ukweli: hujui, ndiyo maana umekuja. Kisha mwombe ruhusa mama mwenye maziwa, na kijana anayechunga. Kijana huyo ndiye anayejua ndama yupi anaharisha.

5. Iba maarifa mchana kweupe

Hii ndiyo njia ya mkato kuliko zote. Kabla hujapima chochote, waulize wenyeji wanafanya nini kiangazi. Watakuonyesha ngitili, eneo la malisho linalofungwa masika na kufunguliwa nyasi zinapoadimika kwingine. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa nalo kabla ya wataalamu kulitambua. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulifanikiwa kurudisha miti na nyasi kwa kuegemea utaratibu huohuo wa wenyeji. Chukua wanachokijua, kisha kwenye tasnifu andika umekipata kwa nani, kwa ridhaa yao. Wizi unaotajwa jina la mwenye mali unageuka ushirikiano.

6. Usihesabu ng'ombe, pima ng'ombe

Ukiuliza mtu ana ng'ombe wangapi, utapewa namba ya kukuridhisha. Mfugaji anakumbuka ushuru na faini. Uliza aliyezaa mwisho ni yupi, na maziwa yanajaza chombo gani.

Kama huna mzani, tumia kamba ya kupimia kifua. Izungushe nyuma ya miguu ya mbele, mnyama akiwa amesimama sawa, kichwa hakijainama. Pima mara tatu, uandike zote tatu. Fanya hivyo alfajiri kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Na siku ukipata mzani, alfajiri ni ileile: ng'ombe mkubwa akinywa lita 30 kisimani, umemwongezea kilo 30 ambazo mashudu yako hayakuzileta.

7. Usipike takwimu, ni kazi kubwa mno

Usiku mmoja ukiwa gesti utatazama jedwali lenye mapengo na kidole kitawasha. Nakusihi, acha. Namba za kupika hukaa sawasawa mno, na anayejua ng'ombe ataziona mara moja. Tena utalazimika kuukumbuka uongo huo mpaka siku ya utetezi. Ukweli hauhitaji kukaririwa.

Ndama akifa, andika tarehe, dalili na aliyemwona wa mwisho, kisha mwite ofisa mifugo wa kata achukue damu. Huenda ni ndigana kali, huenda ni ndorobo. Dume likiuzwa kulipa ada, andika hivyo pia. Umegundua kwamba mfugo ni benki ya nyumba ile, na mashauri yoyote ya lishe yasiyojua hilo hayatadumu.

8. Feli mapema na kwa sauti

Mpigie msimamizi wako wiki ileile mambo yalipoharibika. Mwambie kilichotokea na unachopendekeza. Wasimamizi husamehe ndama waliokufa. Kinachowaudhi ni ukimya wa miezi minne.

Kwenye tasnifu, yape mapengo sura yake: ndama wangapi walianza, wangapi walibaki, kwa nini. Usione haya kuandika kwamba mashudu hayakuleta tofauti. Jibu hilo linamwokoa mfugaji asitupe fedha yake.

9. Rudi

Kabla ya joho, panda basi urudi kijijini. Omba mkutano chini ya mwembe, useme matokeo kwa Kiswahili cha kawaida, uwaachie nakala ya kurasa mbili. Kisha zipeleke takwimu zako ghafi, pamoja na makosa yake, kwenye maktaba ya chuo. Kama uko Chuo Kikuu cha Sokoine, maktaba hiyo ni ya taifa zima kwa mambo ya kilimo. Mwakani kuna mwanafunzi atakayetaka kulisha ndama Nzega. Akikuta daftari lako, ataanzia pale ulipokwama, na jina lako litakuwa kwenye shukrani zake.