Lenzi ya Ukoo

Ukitaka kujua una ndugu wangapi mjini, nunua lenzi ndefu. Gari huleta ndugu wa kuomba lifti, na nyumba huleta ndugu wa kulala. Lenzi ya milimita 600 huleta ndugu wenye maoni. Tangu yangu iingie mtaani kwetu Dar es Salaam, imejadiliwa kuliko bajeti ya Serikali, na karibu wajumbe wote wameafikiana juu ya jambo moja ambalo si kweli: kwamba kazi yake ni kuvuta vitu vya mbali.

Kwanza nieleze ilivyopatikana, maana huko nako kuna kesi.

Kamera yangu ni Canon, DSLR iliyokwisha kula chumvi, ya kihisi kidogo kile kinachoifanya kila lenzi ijione ndefu mara 1.6 kuliko ilivyo. Nilikuwa nikitafuta lenzi ya kupigia picha ndege wa porini. Wakati wenyewe ulikuwa mzuri kwa mtu wa kipato changu: Canon na Nikon hazijatoa bodi mpya ya DSLR tangu 2020, wenye pesa wamehamia kamera zisizo na kioo ndani, na mali zao za zamani zinatelemka taratibu hadi kwetu sisi wa vitu vilivyotumika.

Nikaanza kuchagua, na kuchagua lenzi ni kazi inayoharibu usingizi. Kuna Canon 100-400 ile ya 1998, ambayo haizungushwi bali husukumwa na kuvutwa kama pampu ya baiskeli, na mahasimu wake wanaapa kwamba kila ukiivuta inameza vumbi. Kuna toleo lake la pili la 2014, la kilo 1.6 hivi, zuri kupita kiasi, na bei yake nayo inalijua hilo. Sigma mwaka huohuo wa 2014 walizaa pacha, wote 150-600: Contemporary wa kilo 1.9 na Sports wa karibu kilo 2.9. Nikon wana 200-500 ya 2015, kilo 2.3, ambayo watu wa Nikon huizungumzia kwa sauti ya mtu aliyeoa vizuri. Halafu kuna Tamron 150-600, iliyotangazwa 2013 na kuuzwa kwa dola elfu moja na kidogo, wakati ambapo milimita 600 za wakubwa, zile za Canon za f/4, zilikuwa zaidi ya dola elfu kumi. Tamron ndiye aliyetufungulia mlango sisi wengine. Nikamchagua.

Shemeji yangu yuko Dubai. Nikamtumia ujumbe: Tamron 150-600, ya Canon. Akajibu kwa dole gumba. Mwezi uliofuata alitua Dar na lenzi hiyo kwenye mkoba wa mkononi, imeviringishwa ndani ya kanzu mpya, inanukia udi.

"Shemeji, nimekupatia kwa bei ya kutupa."

Ilikuwa ya Nikon.

Nikamweleza kwa upole kwamba mdomo wa lenzi hii hauingii kwenye kamera yangu. Akaniangalia kwa huruma. "Shemeji, kioo si kioo? Zungushia upande wa pili." Na hapo, bila kujua, alikuwa amegusa ukweli, kwa sababu lenzi za Nikon kweli hufungwa kwa kuzungushwa kinyume na za Canon. Mdomo huu wa DSLR za Nikon ni uleule wa tangu 1959. Canon wao walitupa wa kwao mwaka 1987 wakaleta huu wa EF unaoongea na kamera kwa umeme, na wateja wa siku hizo hawajawasamehe mpaka leo. Zipo pete za kuunganishia lenzi za Nikon kwenye Canon, lakini zile za bei yangu hazipitishi umeme, na Tamron hii bila umeme haijilengi yenyewe wala haitulizi mtikisiko wa mkono. Inabaki kilo mbili za vioo.

Shemeji hakubishana. Aliichukua, akamuuzia mpigapicha mmoja wa harusi mwenye Nikon, akapata faida. Mimi nikapata shukrani.

Yangu nikaja kuipata Kariakoo, kwenye duka la ghorofani ambalo sitalitaja. Ya kwanza niliyoonyeshwa nikaimulika kwa tochi ya simu: ndani, kati ya kioo na kioo, kulikuwa na nyuzi nyeupe zimetandaa. Kuvu. Unyevu wa pwani yetu hauna adabu na vioo. "Hiyo ni nakshi ya kiwandani, bosi," akasema muuzaji bila kupepesa jicho. Nikaomba isiyo na nakshi. Hiyo ndiyo niliyo nayo, na inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mtaani wanajua ninavikusanya. Watoto wananiletea.

Basi ukoo ukapata habari.

Wa kwanza alikuwa mjomba, aliyekuwa anaozesha. Nikamwambia nitakuja na lenzi yangu fupi, ile 18-55 iliyokuja na kamera. Akanikatiza. "Hiyo ndogo iache nyumbani, mwanangu. Upande wa mume watatuonaje?" Nikafanya hesabu mbele yake: lenzi hii, hata ukiipunguza mpaka 150, kwa kamera yangu inahitaji kama mita 13 ili maharusi waenee kwenye fremu kuanzia kilemba hadi viatu. Mjomba akasema uwanja ni mkubwa.

Uwanja ulikuwa na mita 13 kweli, ila mita ya 13 ilikuwa nje ya turubai, kwa wapishi. Nikasimama kati ya sufuria mbili za pilau. Mbele yangu kulikuwa na safari nzima ya sinia, watoto, na mama wakubwa walioinua simu zao juu kwa mikono miwili. Halafu kuna suala la mwanga. Tundu la lenzi hii kwenye 150 ni f/5, na likiwa wazi lote bado ni jembamba kwa taa za harusi. Nikapandisha ISO mpaka picha zikajaa chenga. Bibi harusi nilimpata mara moja, uso wote umezibwa na kishikwambi cha shangazi yake. Kishikwambi ndicho kilichotoka vizuri: kwenye skrini yake bibi harusi anaonekana safi kabisa. Mpishi mmoja alinionea huruma akanisogezea sahani, nikataka niipige picha kwa kumbukumbu, lenzi ikakataa. Haioni kitu kilicho karibu zaidi ya mita 2.7. Ilibidi niirudie sahani yangu kinyumenyume.

Mjomba alifurahi sana. Anasema watu waliuliza, yule wa televisheni ni nani.

Ikaja Ramadhani, siku ya 29. Baada ya Alasiri nikasikia hodi, na nje kulikuwa na ujumbe wa wazee watatu na vijana wasio na idadi. "Tumesikia una chombo," akasema mzee wa msikiti. "Tukautafute mwezi."

Kuna watu unaweza kuwakatalia, na kuna mzee wa msikiti siku ya 29. Tukapanda juu ya nyumba ya jirani ambayo haijaezekwa. Jua lilikuwa bado lipo, na kijana mmoja alitaka achungulie haraka. Nikamshika mkono. Kwenye DSLR unaangalia kwa kioo chenyewe, mwanga unakuja moja kwa moja jichoni, na kulitazama jua kupitia milimita 600 ni njia fupi ya kupofuka. Tukangoja lizame.

Nilijaribu kumweleza mzee jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walione. Mwezi, hata ukiwa mpevu, kwa milimita 600 unatua kwenye kihisi ukiwa duara la milimita tano na nusu hivi, theluthi ya kimo cha fremu yangu. Hilali ya usiku wa kwanza ni ukingo tu wa duara hilo, tena kwenye mbingu ambayo bado ina mwanga. Na fremu yenyewe ina upana wa nyuzi mbili na kidogo. Asiyejua mwezi uko wapi, lenzi hii haimwambii. Inamnyang'anya hata pale alipokuwa akipaona. Kuhusu kujilenga yenyewe ndiyo usiseme. Inahitaji kitu chenye ukingo wa kushika, na mbingu tupu haina, kwa hiyo ikawa inakwenda mbele na kurudi nyuma, zzii, zzii, huku vijana wakisema, "Inatafuta! Inatafuta!"

Nyuma yangu ukazuka mjadala. Mzee mmoja akashikilia kwamba mwezi ni wa kuonwa kwa jicho, na mwezi wa kioo haufungulishi mtu. Wa pili akamuuliza miwani aliyovaa yeye ni kitu gani. Katikati ya hoja hiyo nzito, kijana aliyeshika nafasi kwenye kamera akapiga kelele: "Huo! Mwekundu!" Tukamsogelea. Alikuwa amepata taa ya mnara wa simu, Kigamboni, na lazima nikiri ilikuwa imeonekana vizuri sana. Tukashuka, tukasubiri tangazo la Mufti redioni kama Waislamu wengine.

Lakini somo kamili la lenzi hii nililipata Mikumi, hifadhi inayokatwa na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, kilomita zisizofika 300 kutoka Dar. Tulikwenda kikundi cha kazini, gari la kukodi. Wajuzi wanasema ndani ya gari huhitaji miguu mitatu ya chuma. Unahitaji mfuko wa maharage, unauweka kwenye dirisha, unalaza lenzi juu yake. Mke wangu alinishonea wa kitenge, tukaujaza. Kwa kasi ya shata inayotakiwa, kwa lenzi kama hii angalau 1/1000 ya sekunde, mfuko huo ni rafiki kuliko binadamu. Ila dereva hakutaka kuzima injini. "Bosi, kiyoyozi." Gari lilikuwa linatetemeka, mfuko unatetemeka, mimi natetemeka.

Saa saba mchana, uwanda wa Mkata, mwenzetu wa kiti cha nyuma akamwona simba. Mita 400 hivi, chini ya mti. Gari zima likanigeukia. "Haya, vuta!"

Nikavuta. Kwa umbali huo fremu yangu inachukua upana wa karibu mita 15, kwa hiyo simba wa mita mbili ni sehemu moja ya nane ya picha. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni hewa. Jua la saa saba hukaanga ardhi, ardhi hukaanga hewa, na hewa ya moto inayopanda hupindisha mwanga huku na huku, yaleyale mazigazi yanayokuonyesha maji barabarani. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyoyavuta mazigazi nayo. Hakuna kioo duniani kinachoponya hili. Mwenye lenzi ya dola elfu kumi angepata mazigazi ya dola elfu kumi. Nilipiga picha nyingi. Zote zinaonyesha kitu cha rangi ya kaki kikiyeyuka. Mwenzetu mmoja alisema simu yake ingetoa hivyohivyo, na alikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyopenda.

Tulipofika mahali pa chakula, nyani mmoja akatoka nyuma ya gari, akaupitia mfuko wangu dirishani, akaondoka nao bila haraka. Akaketi mita nane kutoka niliposimama, akaupasua kitenge kwa meno, akaanza kuchagua punje moja moja kwa makini ya bibi aliyeshika ungo. Nikaizungusha lenzi mpaka 600, nikabana tundu hadi f/8, ambapo Tamron hii huacha utepetevu wake, nikabonyeza.

Fremu kwa mita nane ina upana wa sentimita 30. Uso wa nyani ulijaa. Kila unywele unahesabika, kope zinahesabika, na kwenye mdomo wa chini kuna ganda la harage. Hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga kwa lenzi hii, na mhusika wake ni mwizi. Kwenye kundi la WhatsApp la kazini waliiangalia, wakauliza simba yuko wapi.

Hawa ndio wanaonishauri. Lenzi ndefu ni ya kitu kidogo kilicho karibu: mdiria juu ya kijiti mita 10 kutoka ulipojibanza, anayeenea kwenye fremu kwa mdomo na mkia, asubuhi kabla hewa haijachemka. Ukimtaka simba wa mita 400, dawa yake ni dereva mzuri na subira, maana kuna siku atakuja mwenyewe mpaka kwenye tairi, na hapo utailaani milimita 150 kwa kuwa ndefu mno.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, achana na hesabu ya milimita kwa sasa. Andika mdomo wa kamera yako kwenye karatasi umpe anayesafiri. Imulike kwa tochi. Kisha ifunge kwenye kamera yako palepale dukani, iinue mpaka jichoni, na umwombe muuzaji aisifie. Akimaliza kabla mikono yako haijaanza kutetemeka, lipa.