Meno mawili na gunia la kahawa

Aliyetaka mwendo ni shemeji yangu. Pikipiki ya nyumbani, ile inayobeba kahawa, mikungu ya ndizi na watoto wa shule, ilikuwa na spoketi ya meno 14 mbele na 42 nyuma. Kijiweni wakamwambia aweke ya 16 mbele, itachanja mbuga kwenye lami ya Kyaka–Bugene. Hawakumdanganya. Kwa 14 na 42, spoketi ndogo huzunguka mara 3 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Kwa 16, mizunguko 2.625 inatosha. Alirudi jioni uso unang'aa. "Shemeji, injini imetulia kabisa!"

Wasichomwambia ni kwamba mwendo huo hulipiwa kwa nguvu. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepoteza sehemu moja kati ya nane ya uvutaji wake. Kwenye lami, mtu ukiwa peke yako, hulijui hilo. Lakini kwetu Kanoni ni milimani.

Siku ya kupeleka kahawa ya mama mkwe kwenye ushirika, kilima kilikuwa na utelezi na gunia limefungwa nyuma. Katikati ya mlima, gia namba moja ikagoma. Mume wangu, Baba Koku, akaongeza moto, klachi ikaanza kunuka, injini ikazima, na pikipiki ikarudi kinyumenyume mpaka mtaroni. Gunia likapasuka. Mama mkwe hakusema neno. Alikunja kitenge, akainama, akaanza kuokota punje moja moja kwenye tope. Tukaokota naye hadi giza likaingia. Kahawa hiyo ndiyo ilikuwa ada ya mtoto.

Tukaipeleka pikipiki kwa fundi. Alipofungua kava, tulikuta mengine. Meno ya nyuma yalikuwa yamelika upande mmoja, ncha zimepinda kama ndoana. Cheni ilikuwa imelegea kwa kulika pini zake, na cheni ya namna hiyo haikai sawa kwenye meno. Hupanda juu yake na kuyatafuna. Baba Koku alitaka turudishe ile ya 14 tu, twende zetu. Nilikataa. Spoketi mpya kwenye cheni kuukuu huharibika mapema, na cheni mpya kwenye meno yaliyopinda vivyo hivyo. Tukaamua kununua vyote vitatu: spoketi ya mbele, ya nyuma na cheni.

Shemeji, ambaye sasa alikuwa anapiga hesabu kwa makini, akapendekeza 13 mbele na 42 ileile nyuma. Uwiano wake ni 3.23. Fundi akashauri 14 na 45, ambayo ni 3.21, karibu sawa, kwa sababu spoketi ndogo mno huikunja cheni sana na kuichosha. Tukamsikiliza fundi.

Sasa kilima kile tunakipanda na gunia. Kwenye lami shemeji anapitwa, na injini inanguruma zaidi.

Wewe mwenye pikipiki ya mizigo, kabla ya kwenda dukani hesabu meno ya mbele na ya nyuma, yaandike, na usikubali kuuziwa cheni peke yake.