Nani Ataiimbia Barua ya Kubadili Rangi ya Gari?

Ukifika Bujora, pale Kisesa, siku za sikukuu ya Bulabo mwezi wa sita, utakubali kwamba sisi Wasukuma hatuna uchoyo wa sifa. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vinashindana kuvutia watazamaji tangu enzi za mababu, na kila kitu kina wa kukiimbia. Jembe lina Bagobogobo wake, wanalirusha juu na kulidaka. Chatu ana Bayeye. Ng'ombe ndiyo usiseme. Lakini nimezunguka uwanja ule miaka mingi nikitega sikio, na sijawahi kumsikia manju hata mmoja akiimba sifa za barua ambayo mwenye gari anaiandikia mamlaka kusema: gari langu lililokuwa jeupe si jeupe tena. Basi leo kazi hiyo naichukua mimi, bila ngoma na bila dawa ya mvuto.

Kwa asiyeifahamu barua yenyewe, nianzie kwenye kadi. Magari nchini husajiliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na gari likishasajiliwa hutolewa kadi. Wengi wetu kwenye kadi husoma vitu viwili, jina la mwenye gari na namba ya gari, kisha tunaifungia kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Kumbe mle ndani kuna wasifu mzima: namba ya chasisi, namba ya injini, umbo la bodi, ujazo wa injini, rangi, idadi ya abiria, uzito likiwa tupu. Kimojawapo kikibadilika unatakiwa ukaseme. Hapo ndipo barua yetu inapozaliwa.

Sifa yake ya kwanza ni upole. Karatasi nyingine za serikali hukutafuta zenyewe, zina tarehe, zina adhabu ya kuchelewa, zina ujumbe wa simu alfajiri. Hii inangoja. Mtakumbuka ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile iliyotukimbiza kila mwaka, ilivyofutwa katika bajeti ya 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta. Watu walishangilia mpaka vijiweni. Barua ya mabadiliko haijafutwa kwa sababu hakuna aliyeikumbuka vya kutosha hata akaomba ifutwe.

Na unyenyekevu huu umekaa mahali penye historia ndefu ya kubadilisha mambo kimyakimya. Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alisimama kilimani hapa karibu na Mwanza, akayatazama maji ambayo wenyeji waliyaita Nyanza, akayaandika Victoria. Jina limebadilishwa kwenye kadi, mwenye mali hana habari, kadi halisi haikuwasilishwa. Karibu miaka 100 baadaye, katika muongo wa 1950, wakoloni wakaleta sangara wakamtia majini. Furu, ambao walikuwa wa mamia ya aina, wakaliwa mpaka aina nyingi hazionekani tena. Hayo ni mabadiliko ya injini, tena injini ya ziwa zima, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Laiti siku ile pangekuwa na karani mmoja Jinja wa kumwuliza yule bwana mwenye ndoo: samahani, huyu samaki yupo kwenye kadi?

Meli yetu kongwe angalau ilitangaziwa jina. MV Victoria ilipotoka kwenye ukarabati mwaka 2020 ikaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, mbele ya watu, mchana kweupe. Nina hakika mwenye Noah mmoja wa Mwanza aliyasoma hayo gazetini akanyamaza. Mwenye Noah huyo ni mimi.

Gari langu ni Noah namba B. Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo zaidi. Herufi ile baada ya tarakimu inataja umri wa gari vizuri kuliko cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana nilishawishika. Fundi mmoja wa gereji za Nyakato aliniambia rangi mpya itaondoa miaka 10, nami sikuuliza itaiondolea gari au itaniondolea mimi. Lilikuwa jeupe. Nikachagua damu ya mzee. Nilipouliza kama kuna mahali pa kutoa taarifa, fundi alijibu kwa maneno mawili ambayo mafundi wote wa kanda hii wamezaliwa nayo: "Hilo dogo."

Lilibaki dogo kwa miaka miwili. Ikafika asubuhi moja nikitokea Magu, trafiki akanisimamisha. Alitazama kadi, akatazama gari, akarudi kwenye kadi, kama mtu anayelinganisha picha ya kipaimara na bwana mwenye ndevu.

"Mzee, gari hili ni lako?"

"Langu, afande."

"Ndilo hili la kwenye kadi?"

"Ndilo hilo."

"La kwenye kadi ni jeupe."

Nikamjibu kwamba ni vumbi la njiani. Sijui neno lile lilitoka wapi. Afande alicheka mpaka akashika boneti, abiria wangu wakacheka, na mama mmoja aliyekuwa na tenga la kuku akacheka kuliko wote. Kisha afande akaandika faini ya Sh 30,000, akanishauri kwa adabu kabisa niende nikakiri nilichobadilisha. Nililipa bila kinyongo. Kichekesho kizuri namna ile huwa na kiingilio.

Hapo nikaijua sifa ya pili ya barua hii: inakutambulisha kwa gari lako. Kabla ya kuandikiwa rangi mpya, gari lilitakiwa likaguliwe. Mkaguzi alilala chali chini ya Noah yangu na tochi mdomoni, akakwangua tope la misimu mitatu, akasoma namba ya chasisi kwa sauti kama padri anayesoma majina ya wachumba. Chasisi ikajibu. Akainuka, akafungua boneti, akasoma tena. Injini haikujibu. Namba iliyoko pale siyo iliyoko kwenye kadi.

Nilikuwa nimekwenda kutaja rangi, nikaambiwa naishi na injini ya watu. Kumbe aliyeniuzia aliwahi kuweka injini ya mtumba, na yeye pia aliambiwa na fundi wake maneno mawili. Simu yake haipatikani mpaka leo. Miaka yote ile nilikuwa nikilisifia gari kwa ndugu zangu, nikisema mashine ya Mjapani hii, tangu itoke kiwandani haijaguswa. Kama si barua ningekufa na uongo ule, na wanangu wangeurithi.

Ofisini nilipokelewa na binti mwenye heshima zake. Aliniamkia shikamoo, akasoma barua, akainua uso.

"Baba, damu ya mzee ndiyo rangi gani?"

"Ni nyekundu iliyoiva, mwanangu. Nyekundu iliyokwisha kuona mambo."

Alifikiri kidogo. Mashine, akasema, haina rangi hiyo. Ninaionea huruma mashine. Lugha yetu ina rangi ya maziwa, ya ugoro, ya jivu, ya kahawia, ya machungwa, ina kijani cha majani mabichi na kijani cha chupa, na huko vijijini kwetu ng'ombe mmoja anaweza kuelezwa rangi mpaka ukamtambua gizani. Barua hii ndiyo mahali pekee ninapojua ambapo mwananchi na serikali hukaa mezani kujadiliana rangi. Tulikubaliana nyekundu. Nikajiona nimeshiriki katika jambo la kitaifa.

Sasa niwageukie ninyi ambao barua hii imewangoja muda mrefu kuliko ilivyoningoja mimi. Hiace nyingi zilitoka Japan zikiwa za mizigo, nyuma tupu, ubavuni bati. Zikifika kwetu, bati linakatwa, vioo vinaingia, siti zinachomelewa, na kijana wa mlangoni anapewa kipande cha chuma cha kushikilia. Gari lililotengenezwa libebe maboksi linabeba wanafunzi, mama wa mchicha na mzee wa kanisa. Huo ni uhai mpya kabisa, na mtu akipata uhai mpya huwa anabatizwa na kupewa jina. Fuso nazo zinainuliwa vizimba mpaka zinapotoka Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa huwezi kujua kama ni lori au ghorofa. Sizungumzii ving'ora, vimulimuli na eksosi za bodaboda zinazoamsha watoto Mabatini. Kwa vitu hivyo barua haitoshi, vinahitaji toba.

Lakini anayeikosea barua hii kuliko wote ni mchomoko. Gari la namba ya njano, yaani la mtu binafsi, linapiga debe stendi kama mwenzake wa namba nyeupe mwenye leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kubadili matumizi ni mabadiliko kama mengine, lakini dereva wa mchomoko ana njia yake ya kuyakamilisha barabarani. Akiona kofia nyeupe ya trafiki mbele anageuka nyuma na kusema, jamani, sisi ni ndugu. Papo hapo Mkerewe, Mkurya, Mhaya na Msukuma wawili ambao hawajasalimiana wanakuwa ukoo. Nimewahi kuwa shangazi wa mtu, kwa sababu shangazi wa kweli aliyetajwa alikuwa ameshuka Nyanguge. Barua ingefanya kazi ile kwa heshima zaidi, na isingemlazimisha mtu wa rika langu kubadilishwa jinsia.

Kwenye kadi ile ile kuna kipengele ambacho sikifanyii mzaha, nacho ni idadi ya abiria. Sisi tunaokaa kando ya ziwa hili tunajua namba ile ni ya nini. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa cha watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka kikikaribia Ukara kikitokea Bugolora, siku ya gulio, na waliokufa walizidi 200. Kwenye karatasi ilikuwa bado ni 101. Mtu anayechomelea siti ya ziada kwenye Hiace, au anayeweka ubao katikati ya siti mbili na kuuita siti, anabadilisha namba ambayo breki, tairi na chasisi vilipangiwa, na vyenyewe havikupewa taarifa. Fundi anaweza kusema hilo dogo. Mimi kwa hilo nimekoma kumwitikia.

Narudi kwenye sifa. Ya mwisho ninayoijua ni usingizi. Tangu kadi mpya itoke, nikiona kofia nyeupe mbele ya Igoma napunguza mwendo kwa raha, nafungua kioo kabla sijaambiwa, naitoa kadi kama mtu anayetoa picha ya mjukuu. Siku moja afande aliipokea, akasoma, akalitazama gari, akasema tu, "Sawa mzee, endelea." Nilikaribia kumwomba aisome tena.

Jiwe la Bismarck pale ziwani ndilo pekee hapa mjini lisilodaiwa barua. Wengine wote tunadaiwa. Manju wa Bujora, kama mko tayari, maneno ya wimbo ninayo. Mtafute mdundo tu.

Nami nina deni. Mwezi uliopita niling'oa viti vya nyuma vya Noah nipate nafasi ya magunia ya mpunga. Kwenye kadi mpya bado ni gari la watu 8. Jumatatu asubuhi nitakuwa kwenye foleni.