Namna ya Kuwa Nyota wa London Ukianzia Mnyambe

Mwongozo huu ni wa yule kijana wa Mnyambe, Newala, ambaye kila akitoka kibanda umiza hutembea kama jamaa aliyemwona kwenye filamu, mabega juu, maneno ya kuhesabu, mpaka mama yake amtume kuni. Nakuandikia wewe, mdogo wangu, na ninaposema unaweza, naamini. Ila mabega yashushe kwanza. Hayo huja mwishoni kabisa, na mara nyingi hayahitajiki.

Anza kwa kuchagua nyota wa kumfuata, na umchague kwa njia aliyopita, maana miwani na magari hayatakufundisha kitu. Mimi nakupa Daniel Kaluuya. Alizaliwa London tarehe 24 Februari 1989, mtoto wa wazazi kutoka Uganda. Alilelewa na mama yake pamoja na dada yake kwenye nyumba za halmashauri huko Camden. Baba alikuwa Uganda. Akiwa na miaka tisa aliandika mchezo wa kuigiza, na mchezo ule ukachezwa katika ukumbi wa Hampstead. Rudia kusoma umri huo. Wewe umeshavuka darasa la saba zamani, na bado unaniambia unasubiri nauli ya Dar.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye siri yote. Kaluuya alipata mahali pa kuchezea karibu na nyumbani. Mwaka 1968, huko Islington, mwalimu mmoja aitwaye Anna Scher alianzisha madarasa ya maigizo ya baada ya masomo, kwa ada ndogo, ili watoto wa kawaida waweze kuingia. Hakuwakaririsha maandishi ya wakubwa. Aliwapa hali fulani, tuseme ndugu wawili wanagombania kiti kimoja, akawaacha watafute maneno yao papo hapo, mbele ya wenzao. Katika chumba hicho walipita Kathy Burke, Phil Daniels na wengine wengi walioijaza televisheni ya Uingereza, na baadaye akapita Kaluuya. Ukiniuliza nyota wa London hutengenezwa na nini, nitakujibu: chumba, mwalimu mwenye subira, ada ya kulipika, na wenzako wanaokutazama.

Chumba tutakirudia. Kwanza nenda kwenye mapiko, ngoma yetu ya vinyago ya Wamakonde.

Wazee wana mambo yao ya jando ambayo hayaandikwi, nami siyaandiki. Nazungumzia kile ambacho kila mtu uwanjani anakiona. Lipiko huvaliwa kichwani kama kofia ya chuma, uso wa mti uliochongwa, wenye nywele na chale. Mwili wote umefunikwa nguo. Mchezaji hana uso wa kutumia. Hata macho yake hayapo pale unapodhani yapo, kwa sababu anaona kupitia mdomo wa kinyago. Kwa hiyo kila kitu anachotaka kusema inabidi akiseme kwa shingo, kwa bega, kwa namna anavyokanyaga ngoma inapomwita na anavyogandisha mwili ngoma inapokata. Shingo ikiinama kidogo tu, uso ule ule wa mti unageuka kutoka kiburi hadi aibu. Watu wanacheka, kwa sababu wamemtambua mzee fulani, au Mzungu fulani, au bwana fulani mwenye makuu. Na wakiona amekosea hawamwonei haya. Sijaona watazamaji wakali kuliko hao popote nilipokaa nikatazama maigizo.

Hilo ndilo somo lako la kwanza la mwili, nalo hulilipii hata senti.

Somo la pili liko kwenye Get Out, filamu ya Jordan Peele ya mwaka 2017. Kuna pale ambapo Chris, anayechezwa na Kaluuya, ameketi kwenye kiti usiku, mama wa mpenzi wake anakoroga kijiko ndani ya kikombe cha chai, pole pole, huku akimuuliza juu ya kifo cha mama yake. Chris anashindwa kuinuka. Macho yanatoka, hayapepesi, machozi yanashuka yenyewe. Mwili haufanyi lolote. Kamera imesogea mpaka karibu na ngozi, na mambo yote yanatendeka ndani ya macho mawili. Mchezaji wa mapiko amenyang'anywa uso akaachiwa mwili. Kaluuya amenyang'anywa mwili akaachiwa uso. Jifunze vyote viwili. Siku moja funika uso kwa kitambaa, uwaonyeshe wenzako mtu aliyetoka kupokea habari mbaya. Siku nyingine kaa kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, uwape habari ile ile kwa macho matupu. Utagundua haraka upande uliozoea kujificha.

Usidhani baada ya hapo mambo huenda mbio. Mwaka 2007 Kaluuya alionekana kwenye tamthilia ya vijana ya Skins, akicheza Posh Kenneth, na humo humo akawa mmoja wa waandishi. Mwaka 2010 alipanda jukwaa la Royal Court kama bondia katika Sucker Punch, mchezo wa Roy Williams, akapewa tuzo za chipukizi. Mwaka 2011 akacheza sehemu moja ya tamthilia ya Black Mirror, na ni sehemu hiyo iliyomfanya Peele amtafute. Kutoka Skins hadi Get Out ni miaka kumi. Katikati ya miaka hiyo aliacha kuigiza kwa muda, na amesema hadharani kwamba alichoshwa na kukosa nafasi kwa sababu ya rangi yake. Kisha filamu iliyogharimu kama dola milioni 4.5 ikaingiza zaidi ya milioni 250, naye akateuliwa kuwania Oscar. Tuzo yenyewe aliibeba tarehe 25 Aprili 2021, kwa kumcheza Fred Hampton, kijana wa chama cha Black Panther aliyeuawa na polisi Chicago mwaka 1969, akiwa na miaka 21.

Mtu wa Camden akaongea kama mtu wa Chicago, na Wamarekani wakakubali. Hapa nina neno juu ya lafudhi, na linaniuma. Ukifika Dar ukafungua mdomo, wapo watakaokucheka, kisha watakupa kazi ya mlinzi wa getini anayechanganya maneno, kwa sababu vichekesho vingi vimemzoea Mmakonde wa namna hiyo. Jifunze lafudhi ya mwenye duka wa Kariakoo, ya mhadhiri, ya mvuvi wa Mikindani, uzicheze zote bila kigugumizi. Yako usiifute. Siku ukiandika mchezo wako, mpe daktari lafudhi ya Newala, na uone ukumbi utakavyonyamaza kumsikiliza.

Wakikwambia kusini hakutoi waigizaji, wajibu kwa jina moja: Rashidi Mfaume Kawawa. Mtoto wa upande wa Songea, mtumishi wa ustawi wa jamii, ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu wa Muhogo Mchungu mwaka 1952, filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, alikuwa Waziri Mkuu. Walimwajiri aigize somo la Waingereza kwa wenyeji, naye akaondoka na ujuzi wa kusimama mbele ya watu na kusikika, akautumia kwenye vyama vya wafanyakazi. Sijui kwa nini shule zetu zinamfundisha kama kiongozi tu.

Mambo ya kawaida sasa. Msimu wa kupulizia salfa mikorosho, funga kitambaa puani na mdomoni, maana ule unga wa njano unakausha koo, na koo ndilo jembe lako. Mazoezi yafanyeni miezi ambayo mfuko wa kila mtu ni mwepesi. Onyesho liwekeni baada ya minada ya korosho kuanza na malipo kuingia, kuanzia Oktoba na kuendelea, watu wakiwa na cha kutoa mlangoni. Mjomba wako mwambie mapema, kabla hajasikia kwa majirani. Mwambie pia kwamba ipo taasisi ya serikali ya kazi hiyo, TaSUBa kule Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya sanaa za maonyesho. Mjomba akisikia cheti, sura hulegea.

Na uandike. Kaluuya aliandika kabla hajajulikana, kwa hiyo hata pale alipokosa nafasi alikuwa na kazi ya kufanya. Daftari la kurasa 96 linatosha. Andika ugomvi wa foleni ya maji bombani, ndoo zimepangwa tangu alfajiri na mmoja amesogeza ya mwenzake. Kila mtu wa tambarare ya Makonde anaujua ugomvi huo, hivyo hakuna atakayekuvumilia ukiudanganya.

Kuhusu chumba: Jumamosi hii nenda kwa mwalimu mkuu, msalimie kama inavyopasa, umwombe darasa moja saa za alasiri, na umwahidi litafagiliwa. Wakija watu wanne, anzeni. Simu ya kurekodia iwekeni kwenye dawati la nyuma kabisa, na anayeigiza asiisogelee mpaka sauti yake isikike huko bila kupiga kelele. Wazazi wakichungulia dirishani kuuliza mnafanya nini humo, wafungulieni mlango na muwape viti vya mbele.